Nani Atamgeuza Mama Kitandani?

Liko neno moja ambalo sisi watu wa nchi hizi hupenda kulisema kwa kiburi kidogo, kila tuzungumzapo habari za Ulaya na Marekani. Twasema kwamba wenzetu huwatupa wazazi wao katika nyumba za wazee, lakini sisi twakaa nao. Neno hili husemwa arusini, husemwa matangani, na mara nyingine husemwa hata kanisani. Asemaye huitikiwa na wote, maana ni neno tamu kusikia. Juma hili twamwomba msomaji alipime neno hilo polepole, na ili apate kulipima vema twamwomba aje nasi mpaka Newala, juu ya uwanda wa Makonde, huko kusini mwa Tanzania.

Mwenye kufika Newala akasimama mahali paitwapo Shimo la Mungu huona nchi ikiporomoka ghafula chini ya miguu yake mpaka bonde la Ruvuma, na ng'ambo ya mto ni Msumbiji. Ni mahali pazuri sana pa kutazama, ila uzuri huo una gharama yake. Udongo wa uwanda ni mchanga unywao mvua yote; huko juu hakuna mto wa kutegemewa. Mjerumani Karl Weule, aliyekaa Newala mwaka 1906 akichunguza desturi za watu, alieleza jinsi maji yalivyokuwa adimu, na jinsi wanawake walivyoshuka mabondeni kuyateka na kuyapandisha mlimani. Katika miaka ya 1950 ulianzishwa mradi mkubwa wa kuvuta maji kwa mitambo kutoka mabondeni, na tangu hapo taabu imepungua. Hata hivyo, siku mtambo uharibikapo, ndoo ya maji hurudi kuwa kazi ya miguu au kazi ya fedha.

Twaanza na maji kwa sababu yake. Mahali penye kisima mlangoni, mzee dhaifu aweza kuishi peke yake miaka mingi. Juu ya uwanda, mzee asiyeweza kubeba ndoo amekwisha kuwa mtu wa kumtegemea mwingine kila siku, hata kama bado atembea, apika, na kucheka na wageni.

Na huyo mwingine ni nani? Vijana wengi wameondoka. Zamani, mvua za masika zilipokata njia, kusini yote ilikuwa kama kisiwa. Tangu Daraja la Mkapa lilipofunguliwa katika mto Rufiji mwaka 2003, kwenda Dar es Salaam si safari ya kuagwa kwa machozi tena. Hatulilaumu daraja. Twasema tu kwamba basi lipitalo juu yake huwachukua wenye nguvu, na kuwaacha wasio na nguvu. Sensa ya mwaka 2012 iliwahesabu watu wapatao milioni 2.5 wenye miaka 60 na zaidi katika Tanzania nzima, na mkoa wa Mtwara ulikuwa miongoni mwa mikoa yenye sehemu kubwa ya wazee.

Tumfikirie basi mama mmoja. Si mtu fulani tumjuaye kwa jina; ni mfano tu, ingawa twahofia kwamba wasomaji wengi watadhani tumemsema mama yao. Ana miaka 80. Wanawe wawili wa kiume wako Dar es Salaam, binti yake ameolewa Masasi. Yeye akaa katika nyumba yake mwenyewe, karibu na mikorosho yake na makaburi ya watu wake, pamoja na mjukuu wa kike wa miaka 12.

Miaka kumi iliyopita mama huyu alikuwa hahitaji kitu ila kutembelewa. Alilima muhogo na mbaazi, alichimba ming'oko porini, alijua bei ya korosho kuliko wanawe. Wanawe wakaanza kumtumia fedha kwa simu, shilingi 30,000 kila mwezi, naye akafurahi. Kisha mtoto wa jicho akaingia. Sasa hakuweza kupalilia, wala kuona nyoka katika kuni. Alihitaji mtu wa kumtekea maji, kumpikia, na kumwongoza njia ya kwenda choo usiku. Fedha ikaja ile ile, shilingi 30,000. Mwaka jana akapata kiharusi. Upande mmoja wa mwili umekufa. Hawezi kukaa bila kuegemezwa, wala kujigeuza. Fedha yaja ile ile. Wana hao si watu wabaya. Hawajakosa mwezi hata mmoja, na katika mtaa wao hutajwa kuwa ni mfano.

Muuguzi yeyote atawaambia kwamba mgonjwa asiyeweza kujigeuza hana budi kugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi, ama sivyo ngozi huoza mgongoni na nyongani, navyo vidonda vya kulalia huweza kumwua mtu aliyenusurika kiharusi. Saa mbili maana yake ni mara 12 kwa mchana na usiku. Msomaji na ahesabu. Nani atamgeuza mama huyu saa nane usiku, na tena saa kumi? Katika nyumba ile yuko mtu mmoja tu, mtoto wa miaka 12. Basi twaposema kwa fahari kwamba "sisi" twakaa na wazee wetu, yafaa tuulizwe huyo "sisi" ni nani. Mara nyingi ni msichana ambaye hakuulizwa, tena ameacha shule. Mahali pengine ni mkamwana, au binti aliyerudi kwa mama baada ya kuachwa na mumewe. Wale wasemao neno tamu arusini ni nadra kuwa ndio wenye kuinua godoro.

Yako mashaka ya kweli hapa, wala hatutaki kuyaruka. Amri ya nne yatuagiza kuwaheshimu baba na mama, lakini haikutuandikia kiasi. Je, mwana aliyetuma fedha ametimiza? Na kama hakutimiza, atakiwa nini? Aache kazi yake, arudi Newala, watoto wake nao waache shule? Tena iko heshima nyingine ambayo desturi zetu zote zaijua: mwana wa kiume hamwogeshi mama yake. Hata angerudi leo, kazi ile iliyo nzito kuliko zote ingefanywa na mkono mwingine.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika Summa Theologiae, aliligusa swali hili kwa namna iliyotusaidia sana sisi tuandikao. Alitenganisha mambo mawili. Kwanza lile ambalo mzazi astahili siku zote kwa kuwa ni mzazi, nalo ni heshima na utumishi. Pili lile ambalo humstahili kwa sababu ya hali iliyompata: akiwa mgonjwa, kutembelewa na kushughulikiwa apone, akiwa maskini, kulishwa. Jambo la kwanza halibadiliki, jambo la pili hubadilika kadiri hali ibadilikavyo. Tukilitazama hivyo, kosa la wale wana wawili laonekana wazi, nalo si lile ambalo watu wangelitaja. Hawakumtupa mama yao. Wameendelea kulipa deni la miaka kumi iliyopita, wala hawakuuliza deni la leo ni lipi. Mama amepita hali tatu, nao wangali katika hali ya kwanza.

Nasi hatujitoi. Tumewahi kutuma fedha, tukasikia mlio wa simu ukituambia kwamba imepokelewa, tukalala usingizi mzuri. Ni faraja ya haraka sana, pengine ya haraka kupita kiasi. Katika Injili ya Marko, sura ya saba, Bwana wetu awakemea watu waliokuwa wakiiita mali yao korbani, yaani sadaka iliyowekwa wakfu, ili wasiwajibike kwa wazazi wao. Watu wale walikuwa na kitu kitakatifu mkononi, nacho kikawa kizuizi. Hatusemi fedha ni kitu bure. Bila ile 30,000 mama yule angelala njaa. Twasema kwamba hata kitu kizuri chaweza kuwa korbani, kikimzuia mtu asiulize swali la pili.

Sasa tuwatazame wenzetu tunaowacheka. Australia ni nchi yenye nyumba nyingi za wazee. Kwa miaka mingi iliwagawa wazee waliomo humo makundi mawili: wenye kuhitaji utunzaji mdogo, yaani chakula, usafi na mtu wa kuwaangalia, na wenye kuhitaji utunzaji mkubwa, yaani uuguzi mchana na usiku. Tarehe 1 Julai 2014 mgawanyo huo ukaondolewa. Mtu aingiaye akitembea kwa mkongojo, baada ya miaka michache hubebwa, wala si haki ahamishwe kwa kuwa amedhoofika. Tangu Oktoba 2023 nyumba hizo zalazimishwa kisheria kutoa, kwa wastani, dakika 200 za utunzaji kwa kila mzee kwa siku, na katika hizo dakika 40 ziwe za muuguzi mwenye cheti. Mwaka uliofuata zikaongezwa kuwa 215 na 44.

Huenda msomaji amecheka. Upendo kupimwa kwa dakika! Nasi tulicheka, kisha tukaacha. Maana sheria hiyo ilitoka katika aibu kubwa. Tume ya Kifalme iliyoundwa mwaka 2018 kuchunguza nyumba hizo ilitoa taarifa ya kwanza mwaka 2019, na jina la taarifa ni neno moja tu, ambalo kwa lugha yetu twaweza kusema Utelekezaji. Wazee walikutwa na vidonda, na njaa, na wengine wametulizwa kwa dawa ili wasisumbue, katika nchi tajiri yenye majengo mazuri. Basi asiwepo wa kutuambia kwamba jengo na fedha ndiyo dawa. Lakini wenzetu hao, baada ya kuona aibu yao, waliuliza swali ambalo sisi hatujaliuliza: kwa siku moja, mkono wa mtu mzima mwenye ujuzi wamgusa mzee huyu kwa muda gani? Tukimwuliza mjukuu wa Newala, atatujibu kwamba mtu mzima wa karibu hupita asubuhi kusalimu, akiwa mlangoni.

Kanisa lenyewe halikupata kuona haya kupanga mambo haya. Katika Matendo ya Mitume, sura ya sita, wajane wa upande mmoja walikuwa wakisahauliwa katika huduma ya kila siku. Mitume hawakuwahubiria watu juu ya upendo kisha wakaondoka. Walitaka wachaguliwe watu saba wa kuisimamia kazi hiyo. Baadaye Mtakatifu Paulo amwandikia Timoteo juu ya orodha ya wajane, na kwa ajabu aweka miaka 60, miaka ile ile ambayo sera yetu ya leo humwita mtu mzee. Lakini aagiza pia kwamba mjane mwenye watoto au wajukuu atunzwe nao kwanza, ili Kanisa lipate kuwasaidia walio peke yao kabisa.

Serikali ya Tanzania, katika Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003, yasema karibu sawasawa na Paulo: familia kwanza, na makao ya wazee yawe njia ya mwisho. Makao yenyewe yapo, kama Kolandoto, Bukumbi, Nunge, Fungafunga na Njoro; na Unguja wako wazee wa Sebleni na Welezo. Baadhi ya makao ya bara yalianza kama makambi ya wenye ukoma, na labda ndiyo sababu hata leo mtu akisikia jina la makao hufikiri mahali pa waliotengwa. Kwa jumla ni machache mno kwa wazee wa nchi nzima, tena yamewekwa kwa ajili ya wasio na mtu.

Na hapa ndipo mama wetu anaponaswa. Yeye si mtu asiye na mtu. Ana wana wawili Dar es Salaam. Hesabu ya serikali, na hesabu ya Paulo, zamweka mikononi mwa watoto wake. Kwa kuwa wapo, mlango wa makao hauko wazi kwake. Kwa kuwa hawapo, hakuna wa kumgeuza. Wazee wa namna hii, wenye watu karatasini na wasio na mtu kitandani, twaogopa kwamba ndio wengi kuliko wale waliotelekezwa waziwazi, maana hawa hawaonekani. Mtu aliyetupwa huonewa huruma na mtaa mzima. Mama mwenye kutumiwa fedha huitwa mwenye bahati.

Wengine watasema achukuliwe aende Dar es Salaam. Kwa wengine ni njia njema. Lakini tumewaona wazee waliohamishiwa vyumba viwili vya kupanga, mlango umefungwa kwa nje asubuhi wana waendapo kazini, hawana wa kuzungumza naye kwa lugha ya kwao, wala mti wa kukaa chini yake. Hao nao wanakaa na watoto wao. Katika neno letu la arusini huhesabiwa miongoni mwa waliotunzwa vizuri.

Wengine, wakisoma mpaka hapa, watatushuku kwamba twataka kuileta Ulaya Newala, watoto wajifunze kuwapeleka wazazi mahali na kuwasahau. Hatari hiyo ni ya kweli, na habari za Australia zaithibitisha. Walakini twaomba wamkumbuke Mtakatifu Jeanne Jugan wa Ufaransa. Mwaka 1839 mwanamke huyo maskini alimkuta kikongwe kipofu asiye na mtu, akamchukua nyumbani kwake, akampa kitanda chake mwenyewe. Nyumba zote za wazee za Masista Wadogo wa Maskini zilitoka katika kitanda hicho, hata ile ya Nairobi. Na mwaka 2009 Papa Benedikto XVI alimtangaza Jeanne kuwa mtakatifu. Mzee aweza kutupwa katika nyumba ya wazee, aweza pia kutupwa katika nyumba ya mwanawe. Ukuta haumtupi mtu wala haumtunzi.

Kwa hiyo twasema waziwazi: si dhambi kumweka mzazi mikononi mwa mwingine, iwapo hali yake yataka mikono ambayo wewe huna. Heshima haiwezi kukabidhiwa mtu. Kuogesha, kugeuza, kulisha kwa kijiko vyaweza kukabidhiwa. Dhambi ni kukabidhi kisha kutotazama, au kumkabidhi mtoto mdogo kazi ya watu wazima watatu, na kuiita desturi.

Mahali pasipo na makao, wala hatutarajii yajengwe kesho, iko njia ambayo wengi huikwepa kwa aibu tu: kumlipa mtu. Karibu na mama yule wako wanawake wazima, wenye nguvu na akili, ambao wangelala naye usiku na kumgeuza mchana kwa malipo ya haki. Wana huogopa watu watasema kwamba fulani amlipa jirani amwogeshe mama yake. Na waseme. Jirani atendaye kazi hiyo bure atachoka juma la pili, naye hana wa kumwambia amechoka. Aliyepatana kwa mshahara aweza kuulizwa, kufundishwa na muuguzi wa zahanati jinsi ya kugeuza na kukagua ngozi, na kupewa siku ya kupumzika. Zanzibar, tangu mwaka 2016, ilianza kumpa kila mkaaji wake aliyefikia miaka 70 pensheni, kwa kuanzia shilingi 20,000 kwa mwezi, bila kuuliza kama ana watoto. Kiasi hicho hakimwajiri mtu, lakini kanuni yake ni njema: mzee huhesabiwa kwa jina lake mwenyewe, wala si kwa jina la mwanawe.

Jumuiya ndogo ndogo za Kikristu nazo zaweza kufanya orodha, kama ya Timoteo. Isiwe orodha ya majina tu, ya kugawia sabuni na sukari wakati wa Noeli. Mbele ya kila jina na iandikwe mzee huyu aweza nini peke yake: kusimama, kuteka maji, kufika choo, kujilisha, kujigeuza, kukumbuka nyumba yake iko wapi. Irudiwe kila baada ya miezi michache, maana jibu la Pasaka si jibu la Noeli.

Mwezi wa Oktoba, minada ya korosho ianzapo, mabasi ya kusini hujaa. Wana wengi hurudi uwandani kuangalia mikorosho ya wazazi, kupima kilo, kuulizia malipo katika chama cha msingi. Wale wana wawili nao watakuja. Twawaomba usiku mmoja kati ya siku hizo walale chumba kile kile alalamo mama, na taa ikiwa karibu. Asubuhi yake, kabla ya kwenda kuuliza bei, wamwite dada yao wa Masasi, wakae wote watatu karibu na kitanda, na mama mwenyewe aulizwe ataka nini, kwa kuwa kinywa chake hakijafa upande wote. Kisha waulizane nani alipwe, shilingi ngapi, na nani atakayekuja kutazama kila mwezi. Na yule msichana asisahauliwe mlangoni. Amekosa mwaka mzima wa masomo, na shule hufunguliwa mwezi wa Januari.